Mama Mkwe Kwenye Mstari wa Mwanangwa

Rahabu alikuwa na mtu wake anayemtaka achaguliwe, ila jina la mtu huyo hakuweza kulitamka. Si kwamba alilisahau. Zefania alikuwa mume wa Klara, binti yake wa mwisho, na kwa Wanyiramba wa siku zile mtu na mama mkwe wake hawatajani majina, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe, na Rahabu alikuwa ameishika tangu alipoanza kuoza mabinti, hakuwahi kuivunja hata siku moja.

"Huyo mume wa Klara," ndivyo alivyokuwa akimwita. Na watu walimwelewa.

Mwaka ule siasa ilikuwa imeingia kijijini Mlumbi bila kubisha hodi. Zamani ukitaka kujua nani mkubwa, ulitazama nani ameketi kwenye kiti na nani ameketi chini. Basi, umemaliza. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, aliwekwa na mtemi, mtemi akakubaliwa na serikali, na wewe ukaitwa barazani kusikia, si kusema. Sasa Waingereza, haohao waliomkalisha mwanangwa kwenye kiti na kumvika kofia, wakaja na neno jipya. Mjumbe wa Mlumbi kwenye halmashauri atachaguliwa na watu. Loo! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Watu gani? Sisi?

Ndiyo, ninyi. Kila mlipa kodi atasimama mstarini nyuma ya mtu anayemtaka, hadharani, mchana kweupe, na Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, atahesabu vichwa. Na wajane wenye kaya zao wenyewe, nao watasimama. Hapo ndipo wanaume walipoacha kucheka.

Waliojitokeza walikuwa wawili. Wa kwanza Mwanangwa Simeoni mwenyewe, ambaye alidhani kazi hii mpya ni kofia ya pili tu juu ya ile ya kwanza. Wa pili Zefania, kijana aliyekuwa akipeleka karanga Singida mjini, akarudi na habari za mikutano na maneno makubwa makubwa ambayo nusu yake aliyaelewa. Rahabu hakujali maneno makubwa. Alijali bonde.

Bonde la Mlumbi lilikuwa la wanawake. Huko juu mtama na uwele vilivunwa mara moja, kisha ardhi ikakauka ikawa kama kichwa cha mzee mwenye kipara. Lakini bondeni unyevu ulibaki. Wakati wa kiangazi, wanaume wakiwa wanapiga soga na ng'ombe wakitoka mbavu, ni viazi na maboga ya bondeni vilivyolisha watoto. Rahabu alikuwa mjane, hana mtoto wa kiume, hana ng'ombe wa maana. Bonde ndilo mume, ndilo zizi, ndilo ghala lake. Na Simeoni alikuwa amesema barazani, bila hata kupepesa macho, kwamba akiingia halmashauri atapitisha sheria bonde lifungwe, liwe malisho. Malisho ya ng'ombe wa nani? Nani mwingine Mlumbi alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde!

Kwa hiyo Rahabu alimtaka mume wa Klara ashinde. Alimtaka kwa moyo wote. Na kadiri alivyozidi kuwaza ndivyo alivyozidi kukasirika, maana hata hiyo kura moja waliyompa Wazungu asingeweza kuitumia. Asimame nyuma ya mkwewe, apumulie kisogo chake mbele ya kijiji kizima? Afadhali aende sokoni bila nguo.

"Mpewe kitu, kisha msiweze kukishika," alimwambia Klara. "Si bora wangeninyima tu, nikajua nimenyimwa?"

"Baki nyumbani, mama," Klara akasema. "Kukosa kura moja hakutatuua."

"Nibaki nyumbani! Mimi?" Rahabu alikuwa akimenya viazi, na maskini viazi vile vilipata tabu.

Siku chache kabla ya uchaguzi, Mwanangwa Simeoni akaja mwenyewe nyumbani kwa Rahabu. Alikuja na tarishi wake Mathayo, aliyembebea kigoda. Mathayo alikuwa mume wa Lea, binti mkubwa wa Rahabu, na alipofika kwenye uzio tu akamwona mama mkwe ameketi uani. Akakitua kigoda pale pale, akazunguka nyuma ya ghala la mtama, akasimama kwa kuwapa mgongo, shingo ameiingiza mabegani. Mwanangwa akabaki akimsubiri, kisha akakichukua kigoda mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangwa. Karibu. Leo umejibebea kigoda?"

Simeoni akajifanya hakusikia. Aliketi, akakunjua miguu, akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayegawa nyama. Alisema anajua watu wanamheshimu Rahabu. Alisema wajane wote wa Mlumbi wanamtazama yeye kwanza. Alisema kwamba angependa sana, siku ile, Bwana Shauri amwone mama mzima kama yeye amesimama mbele kabisa kwenye mstari wa mwanangwa, wa kwanza, kusudi serikali ijue kwamba hata akina mama wako naye.

"Na bonde?" Rahabu akauliza.

"Bonde litafungwa, mama. Hilo limekwisha. Lakini kashamba kako wewe..." Simeoni akapunguza sauti. "Kale kanaweza kusahauliwa. Ukisimama vizuri."

"Nisiposimama?"

"Mama, mimi sitaki tufike huko."

Mjinga wewe, Rahabu akasema moyoni. Unakuja kunitishia kwangu, umekalia kigoda, kwenye kivuli cha nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu. Alikuwa ameshafungua mdomo amtolee uvivu, liwalo na liwe. Ndipo macho yake yakaenda kwenye ghala. Mathayo, mwanaume mzima, tarishi wa serikali mwenye mkanda na kofia, alikuwa amejibanza pale kama kuku aliyenyeshewa. Jua lilikuwa limezunguka, kivuli cha ghala kimemkimbia, anaungua utosi, na bado hajathubutu kugeuka. Mwanangwa angempigia kelele, asingegeuka. Bwana Shauri mwenyewe angempigia kelele, asingegeuka.

Rahabu akafunga mdomo. Akamtazama mkwewe kidogo, akamtazama mwanangwa.

"Mbele kabisa, umesema?"

"Mbele kabisa. Mimi, kisha wewe, kisha wengine wote."

"Nitasimama," Rahabu akasema.

Simeoni aliondoka anapiga mluzi. Klara, aliyesikia kila neno akiwa jikoni, alitoka na mwiko mkononi, machozi yamemjaa. "Mama! Umemuuza mume wangu kwa shamba moja? Utasimama na yule?"

"Punguza sauti. Hebu nihesabie wakwe zangu."

"Nini?"

"Wakwe zangu. Hesabu."

Klara akafuta macho. Kulikuwa na waume wa mabinti watano wa Rahabu. Kulikuwa na waume wa mabinti wa dada zake wawili, ambao nao walimwita Rahabu mama. Kulikuwa na waume wa mabinti wa mke mwenzie, Mungu amrehemu. Na kila mkwe alikuwa na ndugu zake wa kiume, ambao nao, kwa desturi, walimwinamia Rahabu na kumkimbia vilevile. Klara alihesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaanza upya. Halafu mwiko ukamdondoka.

"Mama," akasema polepole, "nani atasimama nyuma yako?"

"Ndiyo na mimi najiuliza," Rahabu akajibu, akarudi kwenye viazi vyake.

Utauliza, Simeoni hakuliona hilo? Si naye ni Mnyiramba, si naye ana mama mkwe anayemkimbia? Anaye. Lakini sikiliza. Tangu Mlumbi iwe Mlumbi, wanaume na wanawake hawakuwahi kusimama mstari mmoja kwa jambo lolote. Barazani wanaume walikaa huku, wanawake kule, mbali, nyuma ya miti. Mama wakwe walikuwa wamekwisha kuondolewa njiani kabla mwanangwa hajafungua mdomo, kwa hiyo hakuwahi kulazimika kuwawazia. Ukizoea kuwapanga watu kama viti, unasahau kwamba wana ndugu. Simeoni aliupenda uchaguzi huu mpya kwa sababu ulikuwa hadharani. Nani angethubutu kusimama na Zefania, mwanangwa akimtazama? Hapo hakukosea. Watu walimwogopa kweli.

Siku yenyewe ilifika na vumbi lake. Bwana Shauri alikuja na gari kutoka Singida, akawekewa kiti cha kukunja mbele ya baraza. Karani wake Amri, kijana wa mjini aliyevaa kanzu safi iliyopigwa pasi, ndiye aliyepiga kelele za maelezo. Simeoni alisimama kulia amevaa koti la serikali, Zefania kushoto amevaa shati lililofuliwa na Klara usiku, kwapani bado bichi.

"Akina mama wajane watangulie!" Amri akatangaza, kwa adabu ya kwao.

Wajane walikuwa wachache, wakasukumana, wakamtazama Rahabu. Rahabu akajifunga kitenge vizuri, akatembea. Alipinda kulia. Zogo likapita kwenye umati. Bibi mmoja, rafiki yake wa kulima naye bondeni miaka yote, akamtemea maneno. "Rahabu, hata wewe!" Yalimchoma, tena yalimchoma sana. Alitamani amwambie, lakini hapo si pahali pa kuambiana. Akasimama nyuma ya Simeoni, karibu mpaka akasikia harufu ya dawa ya nondo kwenye koti lake. Wajane wengine, kwa hasira, wakaenda wote kwa Zefania, wakajitenga pembeni kidogo kama walivyozoea barazani.

Simeoni hakujali wajane. Alikuwa amempata aliyemtaka. Akageuka, akamtabasamia Rahabu meno yote nje.

"Haya, wanaume!" Amri akaita.

Wanaume walikuja wakiwa wameinamisha vichwa, kama siku zote walivyokuja mbele ya mwanangwa, na miguu yao, iliyozoea, ikawapeleka kulia. Wa mbele kabisa alikuwa Mathayo. Kazi yake ilikuwa ya mwanangwa, chakula chake kilikuwa cha mwanangwa, asingeweza kwenda kwingine. Alifika, akanyanyua macho ajue asimame wapi.

Macho yake yakakutana na kisogo cha mama mkwe.

Akasimama ghafla, wa nyuma yake wakamgonga. Akarudi hatua. Akajaribu kupita pembeni asimame mbali, kule nyuma, watu wengine wamkinge. Wachache walifanya hivyohivyo, wakajipanga kwa mbali, wameacha pengo kubwa katikati, kila mmoja anamsukuma mwenzake akae mbele. Na Simeoni, ambaye bado hajang'amua kitu, akapiga kelele: "Sogeeni! Sogeeni karibu, Bwana Shauri ahesabu!"

Hapo Rahabu akageuka.

Aligeuka taratibu, akampa Simeoni mgongo, akautazama mstari wote uso kwa uso. Mikono kiunoni. Alianza na Mathayo, akaenda kwa mume wa binti wa dada yake, akaenda kwa ndugu wawili wa mume huyo, mmoja baada ya mwingine, akiwatazama machoni kama ambavyo hajawahi kuwatazama tangu waoe.

Jamani! Ule mstari ulipasuka. Kofia zilivutwa zikafunika nyuso. Mwanaume mmoja alijifunika shuka gubigubi akatembea kama kipofu. Mwingine alimkanyaga mwenzake. Na Mathayo, tarishi wa serikali, alisimama katikati ya uwanja, jasho linamtiririka, akitazama chini.

"Chagua!" Amri akamwambia. "Kulia au kushoto, au nenda nyumbani!"

"Mwanangwa," Mathayo akalia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "umeona mwenyewe! Siwezi kusimama na mkwe! Ungekuwa wewe ungeweza?" Akakimbilia kushoto. Na wote waliomwona wakaona jinsi alivyofika kule akapumua, mabega yakashuka, na kwenye kona ya mdomo akawa na kitu kinachofanana sana na furaha.

Maana hilo ndilo Rahabu alilokuwa amelijua tangu siku ile alipomwona nyuma ya ghala. Wanaume hawa hawakumpenda Simeoni. Wake zao walilima bondeni, watoto wao walikula bondeni. Walichokosa ni sababu tu, sababu ambayo mwanangwa mwenyewe asingeweza kuwalaumu kwayo. Basi akawapa. Wakaipokea kwa mikono miwili. Hata wengine ambao ukwe wao kwa Rahabu ulikuwa wa kutafuta kwa tochi, siku ile waliukumbuka. "Na mimi pia! Shangazi wa mke wangu..." wakaenda kushoto wakikimbia.

"Mama, geuka!" Simeoni akamnong'oneza, meno ameyauma.

"Karani amesema tusimame. Hakusema tutazame wapi."

Simeoni akamwendea Bwana Shauri. Alieleza kwa kirefu, mikono ikirukaruka, na Amri akatafsiri, na Bwana Shauri akakunja uso, akauliza tena, akatafsiriwa tena.

"Bwana Shauri anauliza," Amri akasema, akijitahidi asicheke, "kama ni kweli unaomba mtu wako mwenyewe aondolewe kwenye mstari wako."

Halafu mtu mmoja akacheka. Ooh, kilikuwa kicheko. Kilianzia kwa wajane, kikaingia kwa wazee, kikawafika hata watoto waliokuwa juu ya miti. Tangu Simeoni avikwe kofia hakuna aliyewahi kumcheka mbele yake. Alisikia, akajua kwamba hicho ndicho kilichokuwa kinahesabiwa, vichwa vilikuwa kitu kidogo.

Zefania alishinda, tena kwa mbali. Watu walipotawanyika, Simeoni alimjia Rahabu, koti ameshalivua.

"Umeniangusha, mama."

"Mimi? Mimi ndiye niliyekupigia kura, tena wa kwanza, Mzungu akiona. Uliomba nisimame mbele, nikasimama mbele. Hao wengine kawaulize wenyewe."

Simeoni akatupia koti begani, akaenda zake. Yule bibi rafiki wa Rahabu alimsubiri njiani, akamshika mkono, wakaenda hivyo hivyo wakicheka na kulia mpaka bondeni.

Sasa, hadithi ingeishia hapo kama siasa ingekuwa inaishia siku ya kuhesabu. Haiishii. Zefania akaitwa Bwana Diwani. Akanunua viatu. Akaanza kuchelewa kula kwa sababu ya wageni, na mmoja wa wageni hao, usishangae, alikuwa Simeoni, aliyekuja na mtungi wa pombe na maneno laini. Mwaka hadi mwaka ng'ombe wanakufa, Bwana Diwani. Labda bonde nusu, Bwana Diwani. Watu walipomuuliza Zefania kuhusu bonde, alianza kujibu, "Tutaliangalia." Klara alilisikia neno hilo jikoni kwake, akalipeleka kwa mama yake akiwa na haya.

"Tutaliangalia," Rahabu akarudia. "Ametoa wapi hilo?"

"Sijui, mama. Sasa hivi analisema kila siku."

Rahabu hakula. Alichukua jembe lake begani, akaenda mpaka nyumbani kwa Zefania. Hakuingia. Alisimama nje ya uzio, akaipa nyumba mgongo kama inavyopasa, akatazama milima. Mle ndani viti vilisogea. Alijua yumo. Alijua na Simeoni yumo, harufu ya pombe ilimfikia.

"Klara!" akaita, kwa sauti ya kusikika hadi kijiji cha pili. "Mwambie huyo mume wako neno langu."

"Sema, mama," Klara akajibu kutoka mlangoni.

"Mwambie mimi sikumpigia kura. Kila mtu aliona. Kwa hiyo hanidai, na mimi simdai. Lakini mwambie kwamba kusimama mbele nimejifunza, na wala hakuchoshi. Siku watakapotuita tena, nitakwenda kusimama nyuma yake yeye. Karibu kabisa. Halafu nitageuka."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya uzio Rahabu alimsikia mwanaume akikohoa, mwingine akiweka kata chini.

Halafu sauti ya Zefania ikatoka ndani, nyembamba, sauti ya mkwe.

"Klara, mwambie mama nimesikia."

"Kusikia, hata Simeoni alisikia," Rahabu akasema. "Mwambie akaseme."

Akashika njia ya bondeni. Hakugeuka nyuma, asije akamwaibisha. Siku ya halmashauri Zefania alivaa vile viatu vyake, akaenda Singida, akasimama mbele ya watemi na Wazungu, akasema bonde la Mlumbi halifungwi, hata nusu yake.